Jua Miongoni mwa Nyota: Maneno, Vipimo na Historia ya Sentensi Moja

1. Utangulizi

Sentensi "jua ni nyota" ina maneno matatu tu, na mwanafunzi wa shule ya msingi huikariri bila kikwazo. Kisarufi haina utata wowote: ina kiima, ina kitenzi kishirikishi na ina kijalizo. Hata hivyo, kwa mtu aliyekipokea Kiswahili kutoka vinywani mwa wazee wake, sentensi hiyo ina ajabu yake. Jua huchomoza nyota zinapotoweka, na nyota hujitokeza jua likishakuchwa. Jua hukausha mpunga na nguo; nyota haikaushi kitu. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba jua ni nyota ni karibu sawa na kumwambia kwamba mchana ni aina ya usiku.

Ajabu hiyo si jambo dogo. Katika mijadala kuhusu lugha ya kufundishia, hoja moja hurudi mara kwa mara, nayo ni kwamba maneno ya Kiswahili yamefungamana mno na mtazamo wa kale wa ulimwengu, kiasi kwamba hayawezi kubeba elimu ya sayansi. Anayeitoa hoja hiyo angeweza kulichukua neno "nyota" kuwa ushahidi wake: lugha inayolitenga jua na nyota, atasema, itafundishaje kwamba jua ni mojawapo ya nyota, tena si kubwa kuliko zote?

Mhadhara huu unaipima hoja hiyo kwa kufuatilia historia ya jambo lenyewe, yaani jinsi binadamu walivyopata kuujua ukubwa wa jua ukilinganishwa na ukubwa wa nyota nyingine. Msimamo unaotetewa ni kwamba hakuna lugha iliyozaliwa ikijua kuwa jua ni nyota. Sentensi hiyo ilijengwa kwa vipimo, kwa muda wa zaidi ya miaka elfu mbili, na kila lugha iliyoipokea ililazimika kuihamisha mipaka ya maneno yake. Kiswahili nacho kimeihamisha, na kwa kufanya hivyo hakikufanya pungufu ya lugha nyingine yoyote.

2. Jua na nyota katika Kiswahili

Neno "jua" ni la kale sana. Kikuyu kina riũa, Kishona zuva, Kichewa dzuwa na Kinyarwanda izuba. Mlingano huo wa sauti na maana unaonyesha kwamba neno hili limerithiwa kutoka mame-Bantu, na katika lugha zote hizo limo katika ngeli ya 5. Maneno ya nyota hayafanani kwa kiwango hicho: Kikuyu kina njata, Kishona nyenyedzi, Kinyarwanda inyenyeri na Kizulu inkanyezi. Lakini yote, pamoja na "nyota" ya Kiswahili, yamo katika ngeli ya 9/10. Kwa hiyo utengano wa jua na nyota haukubuniwa pwani. Ulikuwamo katika lugha za Kibantu tangu zamani, na umejikita katika mfumo wenyewe wa ngeli.

Matumizi nayo yanathibitisha utengano huo. "Jua" si jina la umbo la angani peke yake, bali pia ni jina la mwanga wake, joto lake na wakati wake. Husemwa "jua kali", "kuota jua", "kuanika juani", "jua la utosi". Wingi wake ni nadra katika mazungumzo ya kila siku, kwani kinachotajwa ni kimoja tu. Hata umbo la udogo, "kijua", halitaji jua lenye kipenyo kidogo, bali jua hafifu au la muda mfupi, kama lile linalochungulia baina ya mawingu ya masika.

"Nyota", kwa upande wake, ni jina la kitu chochote kinachoonekana kama nukta ya mwanga usiku. Ndiyo maana Zuhura, ambayo ni sayari, huitwa nyota ya alfajiri, na methali isemayo kwamba nyota njema huonekana asubuhi haikosolewi na mtu yeyote kwa sababu za kifalaki. Kigezo cha kuita kitu nyota kilikuwa ni jinsi kinavyoonekana, wala si asili yake.

Aidha, nyota zilizopewa majina maalumu zilipewa kwa sababu ya kazi zake. Mfano ulio wazi ni Kilimia, kile kishada cha nyota ambacho jina lake linatokana na kitenzi "lima", kwa kuwa wakulima walikitumia kujua majira ya kilimo. Kixhosa kina isiLimela na Kishona chirimera, kwa mzizi uleule na kiambishi awali cha ngeli ileile. Ifahamike kwamba ki- katika "Kilimia" si kiambishi cha udogo. Vivyo hivyo, mabaharia wa Bahari ya Hindi, ambao ujuzi wao umehifadhiwa katika maandishi ya karne ya 15 ya Ahmad ibn Majid, walipima kimo cha nyota juu ya upeo wa macho ili wajue chombo kiko wapi. Mkulima alitaka kujua nyota itaonekana lini. Nahodha alitaka kujua iko juu kiasi gani. Hakuna kati yao aliyekuwa na haja ya kuuliza ina ukubwa gani.

3. Zama ambazo jua lilikuwa kubwa kuliko vyote

Walioliuliza swali hilo walikuwa wachache, na jibu lao la kwanza halikupingana na lugha ya watu wa kawaida. Katika karne ya 3 kabla ya Kristo, Aristarchus wa Samos alitumia pembe za mwezi na jua kukadiria kwamba kipenyo cha jua ni kati ya mara sita na mara saba na ushei ya kipenyo cha dunia. Kipimo hicho ni kidogo mno, kwani kipenyo halisi ni takriban kilomita 1,392,000, yaani mara 109 ya kile cha dunia. Lakini hatua ilikuwa kubwa: jua lililoonekana kuwa sawa na sahani lilikuwa limethibitishwa kwa hesabu kuwa ni kubwa kuliko dunia.

Karne nyingi baadaye, mapokeo ya Ptolemy wa Iskandaria yalipokelewa na kuendelezwa na wanazuoni walioandika kwa Kiarabu. Miongoni mwao alikuwa al-Farghani, aliyefanya kazi katika karne ya 9. Katika muhtasari wake wa elimu ya falaki alipanga maumbo ya mbinguni kwa ukubwa. Jua lilishika nafasi ya kwanza, ujazo wake ukiwa takriban mara 166 ya ule wa dunia. Zikafuata nyota 15 angavu kuliko zote, kila moja ikiwa mara 107 ya dunia. Nyota hafifu zilikuwa ndogo zaidi, lakini bado ziliizidi dunia. Muhtasari huo ulitafsiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12 na ukasomwa Ulaya kwa muda mrefu.

Orodha hiyo ina funzo kwa mwanaisimu. Kwa zaidi ya miaka elfu moja, elimu bora iliyokuwapo Iskandaria, Baghdad na Ulaya ilishikilia kwamba jua ni kitu cha pekee na ni kikubwa kuliko nyota zote. Kigiriki kilikuwa na helios na aster, Kiarabu shams na najm, Kilatini sol na stella. Kila lugha ilikuwa na maneno mawili yasiyokutana, kama "jua" na "nyota". Kwa hiyo anayedai kwamba utengano wa maneno ni dalili ya lugha isiyofaa kwa sayansi, hana budi kuzihukumu pia lugha zilizoilea sayansi yenyewe.

Ikumbukwe pia kwamba makadirio hayo yote yalikuwa na tegemeo moja. Nyota zilidhaniwa kuwa zimekaa pamoja katika tufe moja, mbele kidogo ya Zohali. Ukubwa wa kitu kinachoonekana kwa mbali hutegemea umbali wake; taa ndogo iliyo karibu na taa kubwa iliyo mbali huweza kuonekana sawa. Kabla umbali wa nyota haujajulikana, ukubwa wake usingeweza kujulikana.

4. Kutoka dhana hadi kipimo

Mwaka 1543 Copernicus alichapisha hoja yake kwamba dunia hulizunguka jua. Ikiwa ni kweli, nyota zilipaswa kuonekana zikisogea kidogo kila dunia inapokwenda upande wa pili wa njia yake, kama mnazi wa jirani unavyoonekana kuhama mbele ya milima kwa mtu anayetembea. Mwendo huo, unaoitwa paralaksi, haukuonekana. Tycho Brahe, mpimaji hodari kuliko wote wa zama zake, alitoa hitimisho linalostahili kuheshimiwa. Aliona kwamba ili paralaksi isionekane, nyota zingepaswa kuwa mbali ajabu. Na kwa kuwa yeye alidhani nyota zina upana unaopimika kwa macho, hata nyota ya daraja la tatu ingekuwa na ukubwa wa njia nzima ya dunia kulizunguka jua. Jambo hilo alilikataa. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Kilichokosewa ni upana wenyewe. Ule upana wa nyota unaoonekana ni mtawanyiko wa mwanga katika jicho na hewani, wala si umbo la nyota.

Wakati huohuo dhana kwamba nyota ni majua ya mbali ilikuwa imekwisha kutamkwa. Giordano Bruno aliitetea mwaka 1584 katika maandishi yake kuhusu ulimwengu usio na mwisho. Alichomwa moto Roma mwaka 1600, ingawa mashtaka dhidi yake yalihusu mambo mengi zaidi ya nyota. Bruno alikuwa na wazo, lakini hakuwa na kipimo.

Christiaan Huygens alijaribu kukipata. Katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1698, baada ya kifo chake, alieleza alivyolitazama jua kupitia tundu dogo mno, akilipunguza mpaka mwanga uliopita ukalingana na ule wa Sirius, nyota ambayo Waarabu huiita Shi'ra. Kwa kuchukulia kwamba Sirius na jua ni sawa, alipata kwamba Sirius iko mbali mara 27,664 kuliko jua. Umbali halisi ni karibu mara 20 ya huo. Sehemu ya kosa inatokana na dhana yenyewe, kwa sababu Sirius si sawa na jua: kipenyo chake ni takriban mara 1.7, na mwanga wake ni zaidi ya mara 20. Hata hivyo, njia ya Huygens ilikuwa na maana kubwa kuliko jibu lake. Kwa njia hiyo "jua" na "nyota" viliwekwa katika mzani mmoja.

Paralaksi yenyewe ilipatikana katika karne ya 19, na Afrika ina sehemu katika habari hiyo. Mwaka 1832 na 1833 Thomas Henderson alipima nyota ya Alpha Centauri akiwa Rasi ya Tumaini Jema, kwa kuwa nyota hiyo ya kusini, inayoonekana wazi kutoka pwani ya Afrika Mashariki, haionekani Ulaya ya kaskazini. Alichelewa kuyatangaza matokeo yake hadi mwaka 1839, na Friedrich Bessel akawa amemtangulia mwaka 1838 kwa kipimo cha nyota iitwayo 61 Cygni. Mwaka 1915, Robert Innes, akiwa Johannesburg, aligundua nyota hafifu iliyo jirani na Alpha Centauri. Nyota hiyo, Proxima Centauri, ndiyo iliyo karibu nasi kuliko nyota zote ukiliacha jua, nayo iko umbali wa miaka ya nuru 4.2.

Umbali huo hauelezeki vizuri kwa tarakimu tupu. Kama jua lingekuwa chungwa lenye kipenyo cha sentimita 8.5, dunia ingekuwa chembe isiyofika milimita moja, iliyowekwa mita 9 kutoka chungwa hilo. Proxima ingekuwa gololi ya sentimita 1.3, nayo ingewekwa kilomita 2,450 hivi kutoka hapo. Chungwa likiwa Dar es Salaam, gololi ingekuwa karibu na Johannesburg kwa mstari mnyoofu. Ndipo inapoeleweka kwa nini macho ya kale hayakuweza kuviona viwili hivyo kuwa vya jinsi moja.

5. Majitu na vibete

Umbali ulipojulikana, ukubwa ukaanza kukokotolewa. Uchambuzi wa spektra, yaani mwanga uliotawanywa katika rangi zake, ulionyesha tangu karne ya 19 kwamba jua na nyota vinafanana kwa asili, na mwaka 1925 Cecilia Payne alionyesha kwamba nyota zimeundwa zaidi kwa haidrojeni na heliamu. Rangi ya nyota huonyesha joto la uso wake. Nyota mbili zenye rangi moja hutoa mwanga sawa kwa kila mita ya mraba. Ikiwa moja hutoa mwanga mara 10,000 zaidi ya nyingine, basi uso wake ni mkubwa mara 10,000 na kipenyo chake mara 100.

Kwa hoja ya namna hiyo, Ejnar Hertzsprung kuanzia mwaka 1905, na Henry Norris Russell kufikia mwaka 1913, waligundua kwamba nyota nyekundu zimegawanyika katika makundi mawili yaliyoachana sana kwa mwanga. Ndipo yalipoenea majina ya "jitu" na "kibete". Mwezi Desemba 1920 Albert Michelson na Francis Pease walipima kipenyo cha Betelgeuse kutoka Mount Wilson, Marekani, na kupata kwamba ni karibu mara 300 ya kile cha jua. Makadirio ya siku hizi yanakiweka kati ya mara 600 na mara 1,000 hivi. Katika mfano wa chungwa, Betelgeuse ingekuwa mpira wa takriban mita 60, sawa na kimo cha jengo la ghorofa 20.

Inafaa kutaja kwamba nyota nyingi kati ya hizo kubwa zina majina yaliyotoka katika Kiarabu. Betelgeuse limetokana na yad al-jawza, yaani mkono wa Jauza, baada ya herufi moja kusomwa vibaya na wanakili wa Kilatini. Rigel ni rijl, yaani mguu. Kipenyo chake ni zaidi ya mara 70 ya kile cha jua. Nyota hizo mbili zimo katika kundi liitwalo Jabari. Aldebaran ni al-dabaran, yaani mfuasi, kwa sababu huifuata Kilimia angani. Nayo ni kubwa mara 44 hivi kuliko jua. Waliozipa majina hayo hawakujua ukubwa wake. Jina Jabari, ambalo kwa Kiswahili huashiria mwenye nguvu na ukuu, lilisadifu tu kuwa mahali pa majitu.

Hapa ndipo Kiswahili kinapopata fursa yake. Lugha hii ina njia ya kisarufi ya kusema juu ya ukubwa: nyumba huwa jumba, nyoka huwa joka, mtu huwa jitu. Kwa kanuni hiyohiyo nyota ingezaa *jota, umbo ambalo halijazoeleka. Waandishi wa sayansi hawakulihitaji. Wametumia "jitu jekundu" na "kibete cheupe", na upatanisho wa kisarufi ukabaki wazi na wa kawaida. Lakini viambishi hivyo vina historia ya kihisia pia. Ji- huweza kudharau, na ki- huweza kudunisha. Mwanafunzi anayesoma kwamba jua ni "kibete cha manjano" huweza kudhani kwamba jua ni nyota duni.

Dhana hiyo si sahihi. Katika falaki, kibete cha aina ya jua ni nyota iliyo katika kipindi kirefu cha utulivu, ikiunguza haidrojeni katika kiini chake. Takriban robo tatu ya nyota za kundi letu la Njia Nyeupe ni vibete vyekundu, na Proxima, yenye kipenyo cha karibu sehemu moja ya saba ya kile cha jua, ni mfano wake. Jua linazizidi nyota zilizo nyingi. Majitu huonekana kuwa mengi kwa sababu mwanga wake hufika mbali, ilhali hakuna hata kibete chekundu kimoja kinachoonekana kwa macho matupu. Hata Kilimia, kinachoonekana kama vumbi la mwanga, kinathibitisha hayo: nyota zake chache zinazoonekana kwa macho ni kubwa kuliko jua, lakini kishada kizima kina zaidi ya nyota elfu moja, na zilizo nyingi ni ndogo kuliko jua. Isitoshe, baada ya takriban miaka bilioni tano jua lenyewe litavimba na kuwa jitu jekundu, kisha litasinyaa na kuwa kibete cheupe chenye ukubwa unaokaribia ule wa dunia. Jitu na kibete ni majina ya vipindi vya maisha ya nyota pia, si ya jinsi zake tu.

6. Hitimisho

Historia hii inaonyesha kwamba elimu mpya ililitaka neno "nyota" lifanye mambo mawili kwa pamoja: litoe na lipokee. Lilitakiwa kuitoa Zuhura, ambayo ilihamia katika "sayari", neno lenye mzizi wa Kiarabu unaohusu mwendo. Na lilitakiwa kulipokea jua. Maana ilifinywa upande mmoja na kupanuliwa upande wa pili. Neno "jua" nalo likapata wingi wenye kazi: sasa huweza kusemwa kwamba nyota ni majua ya mbali, na msikilizaji akaelewa. Mabadiliko hayo hayakuhitaji kuliua neno lolote la kale. Nyota ya alfajiri ingali ni nyota katika methali, na sayari katika somo la jiografia.

Kutokana na hayo, mambo mawili yanapendekezwa. Kwanza, watunzi wa kamusi watenge bayana fahiri mbili za "nyota": ile ya mazoea, yenye kigezo cha mwonekano, na ile ya kifalaki, yenye kigezo cha asili. Vivyo hivyo "jua" litengwe katika maana ya mwanga na joto, na maana ya nyota iliyo karibu nasi, ambayo huweza kuandikwa kwa herufi kubwa. Pili, waandishi wa vitabu vya shule wasiishie kutoa sentensi "jua ni nyota" kama amri. Waeleze ilivyopatikana, na kwamba kabla ya umbali kupimwa wenye akili nyingi kabisa waliikataa kwa sababu nzuri.

Tanzania Bara, mtoto wa shule ya umma huisoma sentensi hiyo kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha akifika sekondari huanza upya kwa Kiingereza. Akiambiwa kwamba lugha aliyoanza nayo haikuweza kubeba jambo hilo, atakuwa ameambiwa jambo lisilo na ushahidi katika historia. Jambo lililokuwa likikosekana, katika Kiswahili kama katika Kigiriki, Kiarabu na Kilatini, halikuwa neno. Ilikuwa ni paralaksi ya nyota moja, na ilipopimwa, maneno yaliyokuwapo yalitosha kuieleza.